Sauti ya Mhandisi wa Pili

Jumatatu, 2 Machi

Mwalimu,

Shikamoo. Nimekupigia simu mara sita tangu juzi. Inaita mpaka inakata, kwa hiyo nimechukua karatasi.

Nimeharibu kazi, na nakueleza wewe kwanza kwa kuwa ndiye uliyeniketisha mbele ya mashine hizi nikiwa sijui hata kuvaa vipokea sauti. Unakumbuka desturi yako ulipokuwa unatutafsiria tamthilia ya kigeni ya *Dunia Mkabala*. Kabla wasomaji hawajaja, ulikuwa unasoma peke yako maneno ya wahusika wote, wanaume kwa wanawake, tunarekodi, ili kila mtu ajue sentensi yake ichukue sekunde ngapi kufuatana na midomo ya kwenye picha. Sauti ya mwongozo. Wasomaji wakimaliza, mimi huifuta.

Sasa, sehemu ya saba ndiyo ile Mhandisi anapita mlangoni na kukutana na Mhandisi mwenyewe wa dunia ya pili. Yule aliyeshika nafasi yako, Mtangazaji, alisoma Mhandisi wa Kwanza, akaahidi kurudi kesho yake kusoma wa Pili. Nikaiacha sauti yako ya mwongozo ishike mahali. Kesho yake tumbo likamkamata, nami nikasahau. Jumamosi jioni ikaenda hewani hivyo hivyo: Mhandisi wa Kwanza kwa sauti yake, wa Pili kwa sauti yako.

Tena pale anapomshika mwenzake bega, ulikuwa umemwachia msomaji maelekezo: "Hapa nyamaza kidogo. Vuta pumzi." Hayamo kwenye hadithi kabisa. Yametoka, Mwalimu. Kila mwenye televisheni ameyasikia.

Nilikuja kazini leo nikiwa na mfuko wa kubebea vitu vyangu. Nikakuta watazamaji wamejaza sanduku la barua na simu hazinyamazi. Wameipenda! Wanasema hawajawahi kuona dunia mbili zikitofautishwa vizuri namna ile. Meneja wa vipindi akaniuliza kama ulikuja studio kimyakimya ukarekodi. Nikasema ndiyo. Uongo ulinitoka kabla sijauangalia vizuri.

Kwa hiyo sasa anakutaka. Sehemu ya nane hadi ya kumi sauti yako ya mwongozo ipo, lakini mbili za mwisho ulituletea tafsiri ya karatasi tu, ukaaga, ukasema unakwenda kulima mboga. Anataka uje uzisome. Na Jumamosi tarehe 21 anataka ukae na watazamaji ukumbini, hewani, saa nzima, uwajibu maswali. Usipokuja, atajua nilidanganya, na mkataba wangu unaisha mwezi ujao.

Nakuomba.

Mwanafunzi wako,
Fundi Sauti

—

Ijumaa, 6 Machi

Fundi,

Marahaba. Barua yako imefika, nami nimeisoma mara mbili, ya pili nikicheka.

Kosa lako ni la kazi, na makosa ya kazi huwapata wanaofanya kazi. Usifungashe vitu. Ila jifunze: kinachoshika mahali kwa muda kiandikwe jina kwa wino mwekundu, maana cha muda kisipoandikwa hugeuka cha kudumu.

Kuhusu watazamaji, waeleze jambo moja kwa niaba yangu, kwa kuwa naona wengi hawajalielewa vizuri. Tuna methali kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Alinusa nyama huku, akanusa huku, akatia mguu mmoja huku na mmoja huku hata akapasuka msamba. Wanaobuni hadithi za dunia sambamba wanadai fisi hakupasuka. Wanasema palepale njia panda walizaliwa fisi wawili, kila mmoja akafuata njia yake, na kila mmoja akadhani ndiye fisi pekee. Ni wazo tu, halijapimwa kwenye maabara, nami nilifundisha fizikia miaka ishirini na sita kabla ya kuingia studio, kwa hiyo nikisema halijapimwa, halijapimwa. Lakini ni wazo lenye adabu. Linatuambia kwamba aliyefuata njia nyingine hakupotea. Yuko anakotembea, ila hatuonani naye.

Studio sitakuja. Mboga zinataka mtu wa kuzisimamia, na mimi nimezoea utulivu. Mwambie Meneja nimeshukuru.

Nitumie barua za watazamaji, nizisome.

Wako,
Mwalimu

—

Ijumaa, 6 Machi

Dada,

Nimemaliza kuandika barua ya uongo kwenda studio, na hii ya kweli naiandika kwa kalamu ileile.

Wananitaka. Wanataka sauti. Fundi wangu wa zamani, yule binti, ameponyokwa, wameirusha sauti niliyoirekodi kabla ya upasuaji, na watu wameipenda. Amemdanganya Meneja kwamba nilikuja kurekodi, asije akafukuzwa, nami nimemjibu kwa hadithi ya fisi. Hajui. Hakuna ajuaye kule. Niliwaambia nakwenda kulima mboga, na kama unavyojua, bustani yangu yote ni ndoo mbili za bizari dirishani.

Nikueleze nilivyoisikia. Nilikuwa nimekaa sebuleni, nimefungua televisheni kama kila Jumamosi, nikiandika pembeni makosa ya Mtangazaji. Si msomaji mbaya, ila miaka yake kumi ya kutangaza mpira haijamtoka. Mhandisi akifungua mlango unadhani anakaribia kufunga bao. Mara yule wa Pili akatokea kwenye ukungu, akafungua kinywa, na aliyesema nikawa mimi.

Miezi minane, Dada. Tangu daktari aliponitoa zoloto kooni na kuniachia tundu hili la shingoni, sijaisikia. Nilikuwa nimeanza kusahau ilivyo. Niliinuka nikashika meza. Nikajisikia nikiniambia ninyamaze kidogo, nivute pumzi. Nikavuta. Hewa ikapita kwenye tundu na mlio wake, kama kawaida.

Jirani wa juu amewaambia watu kwamba naringa, kwa sababu akinisalimu ngazini natikisa kichwa tu. Heri nionekane naringa. Mtu aliyejulikana kwa sauti miaka yote ile, akitokea mbele ya watu na karatasi mkononi, watamhurumia. Na huruma ya ukumbi mzima siiwezi.

Mdogo wako

—

Jumatano, 11 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa nitalia, na leo sina nafasi.

Nami nilikuona. Au nilikusikia, sijui tuseme nini. Nilikuwa napiga pasi. Mpwa wako alikuwa chumbani, akatoka mbio akiuliza, "Mama, Mjomba amekuja?" Nikamwambia Mjomba yuko kwenye televisheni, kavaa sura ya mtu mwingine. Pasi nikaiacha juu ya gauni. Gauni limekufa, na deni hilo ni lako.

Sasa sikiliza. Nilikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji miaka thelathini na moja. Nimewaona wa aina yako. Waliotolewa mguu hutoka nje na magongo, watu huzoea. Waliotolewa sauti hujifungia, kwa sababu ugonjwa wao hauonekani, na wao huona afadhali usionekane. Baada ya mwaka, anayepotea ni mtu mzima, wala si sauti tu. Nilikuosha tundu hilo kwa mikono hii wiki sita. Sikukuosha ili ukae na ndoo za bizari.

Unasema huruma ya ukumbi huiwezi. Yangu umeiweza vipi? Au mimi si ukumbi?

Na huyo binti amedanganya kwa ajili ya mkate wake, nawe umemjibu kwa hadithi ya fisi. Anadhani una afya na umekataa tu. Hiyo ni haki?

Waambie. Usinijibu mpaka uwe umewaambia.

Dada yako

—

Alhamisi, 12 Machi

Mwalimu,

Nimekuletea barua za watazamaji, arobaini na tatu. Nakunakilia chache hapa chini.

Fundi wa viatu anasema: "Tunabishana kibandani tangu Jumamosi. Mimi nasema Mhandisi wa Pili ni mzee zaidi kwa sababu dunia yake ilianza mapema. Mteja wangu anasema ni yuleyule, ila kule hakuna haraka. Tuamulieni, kazi haziendi."

Mwalimu wa chekechea: "Pale aliposema nyamaza kidogo, vuta pumzi, darasa langu zima limeiga. Sasa wakigombana wanaambiana hivyo."

Mmoja hakupenda: "Kwa nini wa kwetu anaongea kama anakimbizwa na wa kule anaongea kama mtu aliyeshiba? Mnatuonea."

Na huyu, dereva wa lori: "Mke wangu na mimi tulikuwa hatuzungumzi siku nne. Tuliangalia kila mtu na kiti chake. Yule wa Pili aliposema maneno yale, mke wangu akacheka, nami nikacheka. Mwambieni ahsante."

Nimewasomea wenzangu barua hii ya mwisho kantini. Mtangazaji aliondoka mezani bila kumaliza chakula chake.

Mwalimu, niseme lililo moyoni, nawe ni mkubwa, utanisamehe. Nadhani hukutaka kuja kwa sababu yake. Nadhani kiti chako kukaliwa na mtu wa mpira kumekukera, nawe umeona bora tuadhirike sote. Kama ndivyo, si haki. Anarudia kila sentensi mara tisa, na kila mara ananiuliza, "Mwalimu angeisemaje?" Tangazo la tarehe 21 limeshatoka, na jina lako la hewani liko juu kabisa. Jumanne nitakwenda kwa Meneja kumwambia ukweli wote. Sitakuomba tena.

Fundi Sauti

—

Jumamosi, 14 Machi

Fundi,

Nakutumia hii kwa mtu anayekuja huko leo, ili ikukute kabla ya Jumanne.

Umekasirika, na hasira yako ni ya halali, ila umeielekeza pasipo. Mtangazaji hajanikosea kitu. Ngoja nikueleze kwa utaratibu, maana nisipofuata utaratibu nitarudi tena kwa fisi.

Mwaka jana mwezi wa tano sauti ilianza kukwaruza. Wewe mwenyewe uliwahi kusimamisha rekodi ukaniuliza kama nina mafua. Hayakuwa mafua. Nilimaliza mwongozo hadi sehemu ya kumi kwa kunywa maji ya moto kila baada ya ukurasa. Mwezi wa saba nilipasuliwa. Uvimbe uliondolewa wote, ninashukuru, na zoloto, kile kisanduku cha sauti, kikaondoka nao. Napumua kwa tundu la shingoni. Nakula, natembea, nasoma, nasinzia mchana. Kusema siwezi, wala kunong'ona. Ndiyo sababu simu inaita mpaka inakata. Huwa nimekaa karibu nayo.

Sikuwaambia kwa kuwa niliona aibu. Nimeitafuta sababu nyingine iliyo nzuri zaidi, sijaipata. Niliacha uone kuwa nakunyima nilichokuwa nacho, na hilo ndilo kosa langu, kubwa kuliko lako. Lako ni la kusahau, langu nililipanga.

Nenda kwa Meneja umwambie yote mawili, lako na langu. Barua hii mwonyeshe. Ukiona anakaribia kukufukuza, mwambie mwongozo uliovuja ulikuwa kazi yangu, na maelekezo nisiyopaswa kuyaacha humo niliyaacha mimi.

Yule wa viatu mwambie wote wawili wamekosea. Nitamwandikia.

Mwalimu

—

Jumatano, 18 Machi

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Sijui nianze wapi, kwa hiyo naanza na kazi.

Nilikwenda. Meneja akasoma barua yako polepole, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Nimepewa barua ya onyo, na nimeistahili, mkataba utaendelea. Halafu akalivuta tangazo mbele yake, nikadhani anatafuta namna ya kulifuta. Akaniuliza, "Anaweza kusimama saa nzima?" Nikasema sijui. Akasema, "Muulize. Ubao tunao."

Nami nakuuliza. Ukikataa, safari hii hakuna atakayekulaumu, mimi wa kwanza.

Mtangazaji aliposikia alitoka nje, akakaa kwenye ngazi za dharura. Aliporudi alisema neno moja tu: "Kumbe." Halafu tukarekodi.

Nisamehe nilivyokuandikia.

Fundi

—

Jumatatu, 23 Machi

Mdogo wangu,

Nilikuambia usinijibu mpaka uwe umewaambia. Sikukuambia uwaambie watu wote kwa mara moja, hewani, ukiwa umevaa koti la kijivu lisilo na kifungo cha juu. Lakini sawa.

Sebule yangu ilijaa. Mpwa wako alialika jengo zima. Ulipotoka na kitambaa chako shingoni, na yule mwendesha kipindi akaeleza kwa nini hutasema, ukumbi ukawa kimya kama wodi saa ya daktari kupita. Nilijua huo ndio ukimya uliokuwa unauogopa. Nikashika kiti.

Kisha yule mzee wa viatu akasimama akauliza: ikiwa kuna mimi mwingine dunia ya pili, je, naye ana deni la ngozi? Watu wakacheka. Nawe ukageukia ubao.

Mdogo wangu, nikusimulie tulichokiona sisi, maana wewe ulikuwa umetupa mgongo. Ulichora njia panda. Ukachora fisi, tena vibaya, mtu wa pembeni yangu alidhani ni kitanda. Ukaandika. Ubao ukajaa, ukafuta, ukaandika tena. Mwendesha kipindi akatazama saa. Ukaandika. Mzee wa viatu akasema, "Nimeelewa, Mwalimu, ahsante," ukamwonyesha kidole angoje, ukaendelea! Ulipofuta mara ya tatu, ukumbi mzima ulikuwa unacheka, na mama mmoja wa safu ya mbele akasema kwa sauti, "Jamani, nani alimpa chaki?" Hapo ukageuka. Nikakuona uso. Ulikuwa umekasirika kwamba wanacheka kabla hujamaliza hoja, uso uleule wa tangu una miaka kumi na mbili.

Na mimi nilifikiri ugonjwa umetupumzisha.

Hawakukuhurumia, mdogo wangu. Hukuwapa nafasi.

Gauni bado nalidai.

Dada yako

—

Ijumaa, 10 Aprili

Dada,

Gauni nitalinunua. Nipe kipimo, usiniachie nikadirie.

Nilichelewa kuandika kwa sababu nilikuwa na kazi. Jumanne ile baada ya ukumbi nilikwenda studio. Nilikaa upande wa Fundi, nyuma ya kioo, na Mtangazaji akaingia chumba cha kusomea kurekodi sehemu mbili za mwisho, Mhandisi wa Kwanza na wa Pili, wote yeye. Enzi zangu nilipokaa kwenye kile kiti nilikuwa nainua mkono msomaji akikosea, na kazi yote husimama. Nilikuwa nauinua sana. Baadhi yao walikuwa wanauota.

Wa Kwanza akamsoma kwa sauti yake. Alipofika kwa wa Pili, Dada, akafumba macho akatoa sauti yangu. Alikuwa amejifunza peke yake, kutoka kwenye kanda za zamani. Pumzi zangu, mahali ninapovuta neno, hata kile kikohozi kidogo kabla ya "lakini". Fundi aliacha kugusa vitufe. Mtu aliyefumba macho asingejua.

Nikainua mkono. Akanyamaza, akanitazama kupitia kioo kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Nikaandika kwenye karatasi, nikaibandika kwenye kioo aione: *Umeiga vizuri sana. Sasa soma kwa yako.*

Akauliza kwa kipaza sauti, "Watazamaji je? Wamemzoea wa Pili kwa sauti ya Mwalimu."

Nikaandika: *Watauliza. Nitawajibu.*

Akasoma kwa yake. Mwanzoni alikimbia, bado mpira umo ndani yake. Ukurasa wa pili akapunguza. Kwenye ukurasa wa mwisho, wale wawili wanapoagana na mmoja lazima aufunge mlango, alikosea neno moja. Si kosa la maana, ila ni kosa. Nililisikia, na Fundi alilisikia. Alinigeukia akingoja. Mkono wangu ulikuwa mezani. Nikauacha hapo.

Sehemu ya mwisho ilikwenda hewani Jumamosi. Meneja amenipa meza karibu na dirisha na kazi ya kujibu barua za watazamaji, siku tatu kwa wiki, na jana wameniletea za kwanza, kumi na nne. Nimefungua ya juu. Ni ya mwanamke mmoja karani, mwandiko wake mzuri, na ana malalamiko makubwa: Mhandisi wa Pili alikuwa na sauti nyingine, tumemnyang'anya, imekwenda wapi?

Nimechukua karatasi sita. Naona hazitatosha.

Mdogo wako